Waridi la Babu Isaac

Jumatano, 10 Juni 1987

Beryl ameondoka asubuhi kwa basi, kwenda Skegness kwa dada yake Enid. Siku kumi! Kaniachia maagizo mawili. Nimwagilie nyanya. Nisiguse meko. Hili la pili kalirudia mara tatu, mara ya mwisho kupitia dirisha la basi, mbele za watu, na aliniita Clifford. Hapa Thornlow mtu akikupenda anakuita bata. Beryl akiniita bata, mambo shwari. Akiniita Clifford, natafuta pa kujificha.

Sawa. Lakini nani amewahi kuitazama ile meko vizuri? Ni ya kuotea moto sebuleni, marumaru nyeusi tupu, kaichonga Isaac, babu yake mama yake Beryl, enzi zile machimbo yetu bado yanatoa jiwe jeusi. Katikati kachomeka waridi jeupe, vipande vitatu vya jiwe vilivyoungana hata usione maungio. Kila bibi harusi wa ukoo ule hupigwa picha akiwa ameweka mkono juu ya waridi. Mama mkwe alipigwa. Beryl alipigwa, mimi nikiwa pembeni nimekatwa nusu. Tarehe 11 Julai ni zamu ya binti yetu Hazel.

Na hali ya meko yenyewe? Aibu. Moshi wa miaka mia. Kona imemeguka. Waridi limekuwa rangi ya chai iliyopoa.

Jirani yangu Edgar Wildgoose, mwenyekiti wa kamati ya kupamba kisima cha kijiji kwa maua kila mwaka, yake ameifunika kwa mbao na kuweka moto wa umeme. Una magogo ya plastiki na taa inayozunguka ndani. Juzi kaniuliza kupitia uzio eti ile yetu tunaizika lini. Tunaizika!

Nimeamua. Beryl atarudi akute meko inang'aa. Ataniita bata mpaka Krismasi.

Alhamisi, 11 Juni

Siki! Inatoa magamba ya chokaa ndani ya birika, itashindwa na moshi? Nimepaka chupa mbili upande wa kushoto, nikaenda kunywa chai.

Nimerudi. Moshi umetoka. Weusi nao umetoka. Jiwe linatoa povu! Mabaka ya kijivu kila mahali. Nikasugua zaidi ili yalingane. Yamelingana. Upande mzima sasa ni wa kijivu.

Nimepiga simu maktaba. Mama wa maktaba kasema siki na marumaru havikutani hata kwa bahati mbaya, siki inalila jiwe. Akauliza kama nimeshapaka. Nikasema namuulizia rafiki. Akasema nimpe pole huyo rafiki, bata.

Sikukata tamaa. Makopo mawili ya rangi nyeusi ya viatu na brashi ya jeshini. Saa tatu za kusugua. Matokeo: safi kabisa! Sebule inanuka kama bweni la askari, lakini nani atainusa meko?

Ijumaa, 12 Juni

Leo nimelikagua waridi kwa tochi. Nimegundua jambo ambalo ukoo mzima haujaligundua kwa miaka mia. Upande wa kushoto limejitokeza. Kidogo tu, unene wa ukucha. Isaac alikuwa na mkono mzuri, lakini jicho hakuwa nalo.

Nikachukua nyundo. Nikaivika soksi. Nikagonga mara moja tu, taratibu.

Limetoka lote.

Limeangukia jiwe la chini. Vipande vitatu na unga kidogo. Nilikaa chini sakafuni. Katikati ya meko pana shimo la ukubwa wa sahani, na nililiona shimo lile hata nilipofumba macho.

Vipande nimevitia kwenye mkebe wa biskuti, mkebe nyuma ya makopo ya rangi, kibandani. Mchana nimekoroga unga wa kuzibia nyufa na kufinyanga waridi jipya. La kwanza lilitoka kabichi. La pili lilitoka Edgar. Nimeyatupa yote mawili. Lazima pawe na njia.

Jumamosi, 13 Juni

Siku ya kukanyaga udongo. Mwaka huu ubao wa kisima utakuwa na picha ya Safina ya Nuhu. Kama kawaida mimi nimekunja suruali, nimeingia kwenye beseni miguu mitupu, nakanyaga udongo na maji ya chumvi mpaka ulainike. Miaka kumi na tisa nakanyaga! Hawajawahi kuniruhusu niweke hata petali moja. Nikiomba, Edgar husema kila mtu na kipaji chake, na changu kiko miguuni. Kamati hucheka. Kila mwaka hucheka upya.

Nikiwa ndani ya beseni, udongo umenifika vifundoni, ndipo nilipoona mwanga. Kisima tunakipambaje? Tunapaka udongo ubaoni, tunapanga petali juu yake, na watu wanatoka mbali kuja kushangaa. Na shimo langu linahitaji nini? Udongo. Na petali. Nyeupe!

Nimetoka na ndoo moja, juu nimefunika na soksi zangu. Hakuna aliyetaka kuzifunua.

Jumapili, 14 Juni

Edgar huimba kwaya. Ibada moja, nyimbo tano, hubiri refu. Mti wake wa maua meupe unapakana na uzio wangu, na anajisifu kwamba unachanua Juni mpaka Agosti. Nimechuma mpaka wimbo wa nne.

Kisha kazi. Udongo shimoni, nikausawazisha kwa kisu cha siagi. Michoro kwa punje za buni, kama tufanyavyo kisimani. Petali moja moja, kwa kibanio cha nyusi cha Beryl, kuanzia chini kwenda juu, kila moja ikilalia mwenzake ili mvua iteleze. Kwamba sebuleni hakunyeshi nimekumbuka baadaye. Saa nne nzima nimepiga magoti.

Ni zuri. Nasema mwenyewe, maana hakuna mwingine wa kusema. Zuri kuliko la Isaac! Eti kipaji kiko miguuni!

Mpango ni huu: nabadilisha petali kila baada ya siku mbili, nanyunyizia maji asubuhi, na hivyo hivyo mpaka tarehe 11 Julai. Udongo uliobaki uko ndooni, chini ya nyanya, nimeufunika gunia bichi. Mtu wa akili huweka akiba.

Jumanne, 16 Juni

Beryl karudi! Siku nne kabla! Kagombana na Enid juu ya mchezo wa karata. Mimi niko bafuni, nasikia sanduku linatuliwa, kisha kimya. Nikashuka na taulo.

Amesimama mbele ya meko, mkono mdomoni. Analia. Kasema bibi yake alikuwa akimsimulia kwamba zamani waridi lilikuwa jeupe kama maziwa, na yeye hakuamini, alidhani ni maneno ya wazee. Kasema sasa anaamini. Kaniuliza nani kafanya kazi hii. Nikasema mimi, kwa mikono yangu. Na huo ni ukweli mtupu.

Kaniita bata mara nne. Nilihesabu.

Kisha kanyoosha mkono aliguse. Nikapiga kelele kwamba halijakauka! Akauliza kitu gani hakikauki kwenye jiwe. Nikasema dawa. Akauliza dawa gani. Nikasema taulo linaniteleza, na nikapanda juu.

Alhamisi, 18 Juni

Siku mbili za mateso. Jana asubuhi kanikuta sebuleni na chupa ya kunyunyizia nguo za pasi. Nikasema naenda kupiga pasi. Kanitazama. Miaka thelathini na moja ya ndoa sijawahi kupiga pasi. Ikabidi nipige. Mashati saba.

Kisha nyuki kaingia dirishani, kakaa juu ya waridi kama yuko kwake. Beryl akapiga makofi, eti tazama, hata nyuki kadanganyika, jinsi ulivyolisafisha! Alipokwenda dukani nikabadilisha petali sita zilizoanza kusinyaa.

Jioni Edgar katokea uzioni, uso umemvimba kwa hasira. Kamati imepungukiwa udongo ndoo nzima. Nuhu hana miguu. Tena kuna mtu kapita kwenye maua yake kama mbuzi, na sasa njiwa wa safina ana bawa moja. Kaapa kwamba huyo mtu atamjua tu. Nikasema watu wa siku hizi hawana haya. Akasema kweli, bata, hawana. Akazitazama kucha zangu muda mrefu.

Ijumaa, 19 Juni

Mvua, ukungu, baridi. Juni hii! Beryl anataka moto uwashwe. Tena kesho, kisima kikishabarikiwa, kaalika kamati yote ije kunywa chai kwetu. Kwa nini kwetu? Ili waone waridi!

Nikafikiri haraka. Nikasema hatuwezi kuwasha, kunguru wamejenga kiota ndani ya dohani, kuna makinda. Beryl ana huruma na ndege. Akasikitika. Nikadhani nimepona. Kumbe kaenda moja kwa moja kwenye simu, kamwita Barnaby Slack, msafisha dohani, na huyo bwana ambaye kwa kawaida tunamsubiri wiki tatu, leo kafika kabla chai haijapoa!

Kaingiza brashi. Hakuna kunguru. Hakuna hata unyoya. Kamwambia Beryl dohani inavuta vizuri, awashe bila wasiwasi. Kisha kainama karibu na waridi. Kanusa. Kanigeukia. Kachukua biskuti mbili, akaondoka.

Sijashindwa. Kesho nitasimama mbele ya meko, sitatoka.

Jumamosi, 20 Juni

Niandike haraka kabla ujasiri haujaniisha.

Kisima kimebarikiwa. Nuhu kasimama ndani ya safina bila miguu, njiwa karuka na bawa moja. Kasisi kahubiri juu ya kufanya makubwa kwa kidogo ulichonacho. Edgar alikuwa mwekundu shingo nzima.

Tulipofika nyumbani nilikuwa nabeba viti. Nikasikia harufu. Beryl kashawasha!

Nilikimbia nikasimama mbele ya meko. Kasisi yupo, Edgar yupo, mkewe Muriel yupo, na kamati nzima na sahani zao. Nikasema jamani kuna joto. Hakuna aliyeona joto. Nikafungua dirisha. Beryl akafunga. Nikarudi kwenye zamu yangu. Suruali ilianza kuniunguza nyuma, nikavumilia, nikaongea juu ya nyanya. Muriel akasema amekuja kuona waridi, siyo kusikia habari za nyanya. Beryl akacheka akasema nisogee, bata, mgongo wangu wameshauona miaka mingi.

Nikasogea.

Rangi ya viatu ilikuwa imeyeyuka. Michirizi myeusi inashuka mpaka sakafuni. Petali zimejikunja, kingo za kahawia. Moja ikadondoka. Ya pili. Punje za buni zikaanza kuchomoka moja moja na kugonga jiwe, na sebule ikajaa harufu ya kahawa na viatu. Kasisi akauliza kwa upole kama kuna kahawa inakuja. Ndipo waridi lote likainama mbele, polepole, kama mtu anayesalimia, likaanguka pwaa miguuni pa Edgar. Mdudu mmoja akatoka ndani yake, akashika njia.

Edgar akaokota petali. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akasema: "Bawa la njiwa."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Beryl alikuwa anatazama shimo. Akasema kwa sauti ndogo sana: "Clifford. Waridi la babu liko wapi?"

Jumapili, 21 Juni

Nilileta mkebe wa biskuti mwenyewe. Beryl alitandika kitambaa juu ya meza ya jikoni, akapanga vipande vitatu na kuviunganisha kwa vidole. Alikaa navyo asubuhi nzima. Hakwenda kanisani, naye haachi kanisa.

Mchana ndipo akasema. Halilii jiwe. Jiwe ni jiwe. Analia kwa sababu alimwaga machozi mbele ya maua ya Edgar Wildgoose, akamsimulia mumewe habari za bibi yake, na mumewe kasimama pale na taulo, kayapokea machozi yale, kisha siku nne akamtazama machoni. Na Hazel aweke mkono wapi? Kwenye shimo?

Niliona aibu, ile ya kweli, inayokufanya usijue mikono uiweke wapi. Nikasema samahani. Akasema anajua. Hakuniita bata. Hakuniita Clifford pia. Hakuniita kitu.

Jioni nikaenda kwa Edgar, nikakiri udongo na maua. Nilitegemea matusi. Akauliza tu petali nilizipanga kutoka juu au kutoka chini. Nikasema chini kwenda juu. Akasema mwaka ujao nitakanyaga udongo kama kawaida, na mbao zote nitaziosha peke yangu.

Jumatano, 24 Juni

Beryl kamleta mzee Jabez Heathcote, wa mwisho kati ya waliofanya kazi ya jiwe jeusi hapa. Ana miaka themanini na minne. Kaitazama meko, kaonja kidoleni rangi ya viatu, kacheka mpaka akakohoa na kupewa maji. Kamuuliza Beryl kama huyu mumewe ni mzima.

Kisha kageuza vipande. Kasema nyuma kuna gundi ya aina mbili, zote za zamani. Waridi hili liliwahi kuanguka, na likarudishwa. Nikasema basi siyo mimi wa kwanza! Beryl akanitazama.

Linatengenezeka. Jiwe litasuguliwa kwa mkono mpaka weusi urudi, waridi litagandishwa na kuachwa likae. Itamchukua wiki mbili. Sharti moja: mume asiingie. Ufunguo wa sebule Beryl kauvaa shingoni. Nyundo yangu kaificha, sijui wapi. Nimetafuta kila mahali, kwa kutaka kujua tu.

Jumatano, 8 Julai

Mlango umefunguliwa leo. Sijui niandikeje. Nyeusi, unajiona uso. Waridi jeupe, na ufa uliobaki ni mwembamba kama unywele. Mzee Jabez kasema gundi imeshika ila bado changa, isisumbuliwe mpaka mwisho wa mwezi. Mkono wa bibi harusi unaruhusiwa, kugonga hapana. Wakati anasema hivyo alinitazama mimi.

Beryl akaweka kiganja juu ya waridi. Akafumba macho. Alirudi kuwa yule wa kwenye picha, miaka thelathini na moja iliyopita. Kisha akasema, bila kugeuka: "Njoo uone, bata."

Nilikwenda, mikono mfukoni.

Naandika hapa na kutia saini: sitaigusa tena meko hii maisha yangu yote. Clifford Gratton.

Jumamosi, 11 Julai

Siku ya Hazel! Jua limetoka. Wanawake wote wako juu na nguo na pini. Mpiga picha anafika saa tano. Mimi nimeshavaa suti, nimeambiwa nikae sebuleni, nisishike kitu, nisile kitu. Nimekaa. Natazama tu. Kutazama hakukatazwi.

Mzee Jabez ni fundi, simkatai. Lakini miaka themanini na minne! Macho ya miaka themanini na minne! Upande wa kushoto, ukitazama kutoka kwenye kiti changu, waridi limejitokeza. Kidogo tu. Unene wa ukucha. Na picha hii itatundikwa ukutani miaka mia.

Nyundo Beryl kaificha. Kijiko cha supu hakukificha.

Nimekivika soksi. Nimegonga mara moja tu, taratibu.

Saa tano kasorobo. Ndoo iko chini ya nyanya. Gunia nimekuwa nalilowesha kila siku, sijui kwa nini, na udongo bado laini. Edgar ameshatangulia kanisani na kwaya yake. Mti wake umechanua kweli kweli mwaka huu.

Nina dakika kumi na tano.